Malalamiko matatu, makosa mawili: kisa cha mashine ya kunakili yenye mota

Hifadhi moja ya nyaraka ilikuwa na mashine ya kunakili, yaani kamera inayopandishwa na kushushwa na mota juu ya ubao wa kulazia hati, ambayo kwa muda mrefu haikumsumbua mtu. Ikahamishiwa chumba kingine, na baada ya hapo malalamiko yakaanza. Stempu na vitu vingine vidogo vilitoka vikali upande wa kushoto, lakini upande wa kulia vikawa na ukungu. Ramani kubwa, ambazo hupigwa vipande vipande ili ziungwe baadaye, zikagoma kuungana: mstari wa mto ulifika kwenye mshono ukaruka. Tena, hasa kamera inapokuwa imepandishwa juu, picha ya kwanza ya kila kundi ilitoka imefifia nzima. Barua na hati za A4, ambazo ndizo sehemu kubwa ya kazi, zilionekana salama.

Kila lalamiko lilikwishapata maelezo yake. Ukungu wa stempu ulisemekana ni lenzi iliyochoka. Ramani zilisemekana zimevutwa na unyevu, kwa kuwa karatasi hutanuka zaidi kwa upande unaokata nyuzi zake kuliko upande unaofuata nyuzi hizo. Hilo ni kweli, na ndiyo maana maelezo hayo yalikubalika haraka. Picha za kwanza zilizofifia zikabebeshwa mota. Nilipoitwa kutazama, orodha ya vifaa vya kununua ilikuwa tayari mezani: lenzi mpya na mota mpya.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kilichohitajika, na kwa sababu njia iliyotufikisha kwenye chanzo inaweza kufuatwa na yeyote mwenye mashine ya aina hii, awe ananakili barua, vitambaa, majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi au hati za ardhi.

Mashine yenyewe

Umbo lake ni la kawaida. Kuna ubao mpana wa kulazia hati. Nyuma ya ubao imesimama nguzo ya chuma, na kwenye nguzo kuna kibebeo cha kamera chenye mkono unaojitokeza mbele, kamera ikitazama chini. Ndani ya nguzo kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota, na kibebeo hupanda na kushuka juu ya skrubu hiyo. Kompyuta huhifadhi vimo: kimo cha A4, kimo cha A3, kimo cha stempu. Opereta hubonyeza, kamera hujipeleka, kisha hupiga.

Faida ya mota ni kurudia. Ukiongeza au kupunguza kimo kwa mkono, leo utasimama hapa na kesho utasimama karibu na hapa. Picha za kitabu kimoja zitatofautiana ukubwa kurasa kwa kurasa. Mota ikirudi kwenye kimo kilekile, pikseli kwa inchi, yaani idadi ya nukta za picha kwa kila inchi ya hati, zinabaki zilezile. Sharti ni moja: kimo kifikiwe siku zote kwa kutokea upande uleule, ama juu ama chini, kwa sababu kati ya skrubu na nati yake huwa pana nafasi ndogo ya ulegevu, na ukifika mara kwa kupanda na mara kwa kushuka utasimama mahali pawili tofauti. Hapa sharti hilo lilikuwa likizingatiwa.

Kamera ilikuwa ya pikseli milioni 24, yaani 6000 kwa 4000, na kihisi (bamba la ndani linalopokea picha) cha milimita 36 kwa 24. Lenzi ilikuwa ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, milimita 60, tundu lake la mwanga likiwa f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), na wepesi wa kihisi kwa mwanga ukiwa ISO 100. Taa mbili za LED zilikaa kushoto na kulia, zikimulika kwa pembe ya digrii 45, ili mng'ao wa karatasi uelekee pembeni badala ya kuingia kwenye lenzi. Lengo la hifadhi lilikuwa pikseli 300 kwa inchi kwa ramani, na kwa stempu kukaribia ukubwa halisi kabisa, kila milimita ya stempu ikichukua milimita moja ya kihisi.

Kwa hesabu hiyo fremu moja ya pikseli 300 kwa inchi hufunika takriban milimita 508 kwa 339. Karatasi ya A3 huingia na kubakiza nafasi. A1 haiingii, kwa hiyo ilipigwa kwa vipande vinne, kila kimoja na ukubwa wa A3 pamoja na ukingo wa kupishana.

Ukungu si wa aina moja

Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilitaka kuona picha mbovu zenyewe, zikiwa zimekuzwa hadi pikseli zionekane. Watu huita kila picha isiyo kali "ukungu", na hapo ndipo makosa tofauti huchanganyika.

Stempu zilikuwa na ukungu wa fokasi, yaani wa lenzi kulengwa umbali usio wa kitu chenyewe. Nukta ya wino ilikuwa imetanuka pande zote kwa usawa, na hali hiyo ilizidi polepole kadiri jicho linavyosogea kutoka kushoto kwenda kulia. Picha za kwanza za makundi hazikuwa hivyo. Kwenye hizo, mistari iliyosimama kutoka mbele ya ubao kwenda nyuma ilikuwa mikali, na mistari iliyolala kushoto kwenda kulia ilikuwa imefutika. Ukungu wenye mwelekeo mmoja maana yake kitu kilikuwa kinatembea wakati shata, pazia la kamera linaloruhusu mwanga, iko wazi, na hapa kilitembea mbele na nyuma. Fokasi mbovu haichagui mwelekeo hivyo.

Jambo hili ni la zamani kuliko kamera za kidijitali. Recordak, mashine iliyotokana na uvumbuzi wa mfanyakazi wa benki wa New York aitwaye George McCarthy na kuuzwa na Kodak kuanzia 1928, ilinakili hundi zikiwa zinatembea. Filamu na hundi vilivutwa na mota kwa mwendo uliolinganishwa. Kwenye mashine za namna hiyo mwendo wa filamu ukipishana na mwendo wa karatasi, herufi huvutika kwa kufuata njia ya karatasi tu. Anayesoma mwelekeo wa ukungu amekwisha jua nusu ya ugonjwa.

Kwa hiyo lalamiko la tatu nikaliweka kando kama jambo lake peke yake. Yakabaki mawili, stempu na ramani, na kwa mtazamo wa kwanza hayakufanana hata kidogo. Stempu zilikuwa na ukungu lakini umbo lao halikuwa na shida. Vipande vya ramani vilikuwa vikali kila pembe lakini umbo lao lilikuwa na shida.

Kugeuza kitu, kisha kugeuza kamera

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Ukishuku karatasi, igeuze digrii 180 juu ya ubao na uipige tena. Kasoro ikiwa ya karatasi, itahama pamoja na karatasi. Tulichukua kipande cha ramani tukakipiga, tukakigeuza, tukakipiga. Upande uliotokea mrefu zaidi ulikuwa uleule wa mashine, si wa ramani. Nadharia ya unyevu ikaanguka hapo, walau kwa ramani hiyo.

Stempu nayo ikageuzwa. Ukungu ukabaki kulia.

Jaribio la pili ni kuifungua kamera kwenye mkono wake, kuizungusha digrii 180 ikiwa bado inatazama chini, na kuifunga tena. Kama lenzi ina kipande cha kioo cha ndani kilichokaa upande, ukungu utazunguka pamoja na kamera. Haukuzunguka. Kwenye faili ulionekana kushoto sasa, kwa kuwa kamera ilikuwa imepinduliwa, lakini juu ya ubao ulikuwa palepale pa zamani. Lenzi ikaondoka kwenye orodha ya manunuzi.

Nasisitiza majaribio haya mawili kwa sababu huchukua muda mfupi na hugharimu kiasi kisichotajika, ilhali lenzi nzuri ya makro ni fedha ambayo hifadhi ndogo huitafuta kwa shida. Sijaona sababu ya kununua kabla ya kugeuza.

Ushahidi uliowapotosha

Ukungu na umbo baya vyote vilikuwa mali ya upande mmoja wa ubao, na hilo lilielekeza kwenye shaka moja tu: ubao na kihisi cha kamera havikuwa sambamba. Nilipolisema, maopereta walilikataa, na walikuwa na hoja. Baada ya kuhama walikuwa wamefanya ukaguzi wa uangalifu. Walichora msalaba katikati ya ubao, wakaupanga katikati ya fremu kamera ikiwa chini, kisha wakaipandisha kwa mota hadi juu kabisa. Msalaba haukutoka katikati. Wakarudia nikiwapo, na kweli haukutoka. Zaidi ya hayo, pimamaji ilionyesha ubao umelala sawasawa, mapovu katikati, kwa urefu na kwa upana.

Vipimo viwili, vyote vya kweli, na bado mashine ilikuwa imepinda. Ilinibidi nikae na swali hilo: msalaba ule unathibitisha nini hasa?

Unathibitisha kwamba kamera inatazama kwa kufuata njia ileile ambayo kibebeo kinapanda. Mstari wa macho ya lenzi na mstari wa nguzo viko sambamba. Basi. Haugusi hata kidogo habari ya ubao. Nguzo inaweza kuegemea upande, kamera nayo ikaegemea pamoja nayo kwa kiasi kilekile, na msalaba utabaki katikati kutoka chini hadi juu, huku ubao ukiwa na mwelekeo wake mwingine kabisa. Pimamaji nayo inathibitisha kwamba ubao uko sawa na ardhi. Lakini kamera haihitaji ubao uwe sawa na ardhi. Inahitaji ubao uwe sawa na kihisi. Mashine nzima ingeweza kulazwa ukutani ikanakili bila kasoro, mradi vitu hivyo viwili vinatazamana sawasawa.

Kioo

Kipimo kinachouliza swali lenyewe ni kioo cha kujitazamia. Unalaza kioo bapa juu ya ubao, mahali panapolazwa hati, na kuitazama lenzi ikijitazama. Kama kihisi na ubao ni sambamba, lenzi itajiona katikati kamili ya fremu. Kama si sambamba, taswira yake itakaa pembeni. Fokasi iwekwe kwenye taswira ya lenzi, siyo kwenye uso wa kioo, na umbali wa taswira hiyo ni mara mbili ya umbali wa kioo. Kama lenzi haifiki huko katika kimo cha chini, pandisha kamera.

Kipimo hiki ni kikali sana. Kwa lenzi ya milimita 60, mwinamo wa nusu digrii huisogeza taswira zaidi ya nusu milimita kwenye kihisi. Kwenye kihisi cha pikseli 6000 kwa milimita 36, kila pikseli ni milimita 0.006, kwa hiyo nusu digrii ni kama pikseli 87 au zaidi. Jicho haliwezi kukosa pikseli 87, wakati jicho hilohilo haliwezi kuona nusu digrii kwa kuutazama ubao.

Hapa taswira ilikaa pembeni kwa kiasi kinachokaribia hicho, kushoto na kulia. Mbele na nyuma ilikuwa sawa. Tukapandisha kamera, tukatazama tena. Kiasi kilekile. Mwinamo usiobadilika na kimo, msalaba usiotoka katikati: nguzo na kamera wamepatana, ubao ndio uliokwenda zake.

Tukainama chini ya ubao na kuangaza tochi. Upande mmoja, kati ya ubao na fremu ya chuma, kulikuwa na kabari za mbao.

Sakafu ya chumba kipya ilikuwa na mteremko mdogo. Mtu mwangalifu, siku ya kuisimika mashine, aliweka pimamaji juu ya ubao, akaona povu limekwenda upande, akalirekebisha kwa kuinua ubao kwa kabari. Ubao ukawa sawa na ardhi. Nguzo, iliyofungwa kwenye fremu, ikabaki na mteremko wa sakafu. Alichopaswa kuinua ni mashine nzima kwa kuzungusha miguu yake, ubao na nguzo vikainuka pamoja. Simlaumu; pimamaji ndicho kifaa cha kwanza ambacho fundi yeyote angekishika.

Kosa moja, sura mbili

Kwa nini sasa mwinamo uleule ulionekana kama ukungu kwenye stempu na kama umbo baya kwenye ramani, na kwa A4 usionekane kabisa? Hapa hesabu ina kazi, na naomba msomaji anivumilie.

Kila lenzi ina kina cha fokasi: unene wa nafasi, juu na chini ya mahali ilipolengwa, ambamo kitu bado huonekana kikali. Unene huo hubadilika mno kulingana na ukuzaji. Kwa f/8 na kipimo cha ukali cha pikseli moja, stempu inayopigwa kwa ukubwa halisi hupata kina cha takriban milimita 0.19. Fremu yake ina upana wa milimita 36, na kwa mwinamo wa nusu digrii ukingo mmoja uko chini ya mwingine kwa milimita 0.31. Maopereta walikuwa wakiweka fokasi kwenye rula ya vipimo iliyolazwa kushoto, kwa hiyo ukingo wa kulia ulitoka nje ya kina hicho. Hiyo ndiyo stempu yenye ukungu kulia.

Kwenye fremu ya ramani, yenye upana wa milimita 508, kina cha fokasi kinafika milimita 20. Mwinamo uleule unashusha ukingo mmoja kwa milimita 4 na nusu hivi. Ukali hauguswi. Lakini ukingo ulio chini uko mbali zaidi na lenzi, na kilicho mbali huonekana kidogo. Kati ya ukingo wa kushoto na wa kulia wa kipande cha A3, ukubwa ulitofautiana kwa kama asilimia 0.4. Unapounga vipande viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, ukingo mkubwa wa kimoja hukutana na ukingo mdogo wa kingine. Kwenye mshono wenye urefu wa milimita 297 tofauti inazidi kidogo milimita 1, yaani pikseli 14 kwa zile 300 kwa inchi. Mto lazima uruke.

Programu ya kuunga picha ilijaribu kuficha tofauti hiyo kwa kuvuta kingo zilingane, na kwa baadhi ya ramani ilifaulu kwa macho. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko mshono ulioachana. Mshono ulioachana unajitangaza. Mistari iliyovutwa kimyakimya inabaki kwenye faili ikimdanganya mtu atakayepima umbali juu yake.

Na A4? Fremu yake ina kina cha milimita 8 hivi, mwinamo ukichukua kama 2.6. Kali. Umbo limepotea kwa takriban milimita 1 kati ya upande na upande, na hakuna asomaye barua anayepima hilo. Kwa hiyo kazi iliyokuwa nyingi zaidi ilikuwa na kosa lilelile, ila haikuwa na njia ya kulionyesha. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku mashine nzima: kila siku ilitoa mamia ya kurasa nzuri.

Kulikuwa na tiba moja waliyoijaribu kwa stempu ambayo ni vyema itajwe, maana wengi huikimbilia. Walifunga tundu la lenzi hadi f/22 ili kina kiongezeke. Kina kiliongezeka, lakini stempu nzima ikawa laini. Kwa ukubwa halisi, f/22 ya kwenye lenzi hufanya kazi kama f/44, kwa sababu lenzi imesogea mbali na kihisi. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika, na kila nukta hutua kwenye kihisi ikiwa duara la pikseli kama 10. Ukungu wa upande mmoja ulibadilishwa kwa ukungu wa pande zote.

Kabari zikatolewa. Ubao ukafungwa moja kwa moja kwenye fremu, mashine nzima ikasawazishwa kwa miguu yake, na kioo kikarudishwa. Taswira ilibaki na tofauti ndogo, tukaimaliza kwa skrubu za bamba la kamera, tukahakikisha kwamba msalaba bado hautoki katikati. Sasa msalaba na kioo vilikubaliana, na vikikubaliana vyote viwili ndipo unaweza kusema nguzo, kamera na ubao vimekaa sawa.

Mtetemo

Lalamiko la tatu lilikuwa rahisi, kwa kuwa picha zenyewe zilikwisha kusema kwamba kitu kinatembea mbele na nyuma. Kompyuta ilikuwa imepangwa kupiga mara tu mota inapotoa ishara ya kusimama. Mota husimama kwa ghafla. Nguzo, yenye mkono mzito unaojitokeza mbele, huendelea kuyumba kama mnazi baada ya upepo kutulia. Shata ilikaa wazi kwa sehemu ya 8 ya sekunde, muda wa kutosha kabisa kuuona mwendo huo. Kwa pikseli 300 kwa inchi, pikseli moja ni milimita 0.085 juu ya karatasi, kwa hiyo mwyumbo wa sehemu ya 10 ya milimita unatosha kuusambaza mstari zaidi ya pikseli moja.

Stempu zilinusurika kwa sababu mbili. Kamera ilikaa chini, na nguzo iliyoshikwa chini tu hupindika kwa mchemraba wa kimo: kani ileile ikisukuma mara mbili juu zaidi, nguzo hupinda mara nane. Tena, stempu nyingi zilipigwa mfululizo bila mota kuzunguka, ilhali ramani na hati za ukubwa mchanganyiko ziliipandisha na kuishusha kamera kila mara.

Tulilaza karatasi ya mistari myembamba, tukaipeleka kamera juu, na kupiga picha mfululizo mara mota iliposimama. Picha za mwanzo zilikuwa na mistari iliyofutika, za baadaye zikawa kali. Tukapanga kompyuta isubiri sekunde 3, ambazo zilizidi muda wa kutulia kwa kiasi cha kutosha, na mwendo wa mota upunguzwe taratibu inapokaribia kimo chake badala ya kukatwa ghafla. Tukatumia pia shata ya elektroni, maana pazia la shata ya kawaida nalo hutikisa kamera kidogo. Taa za kumweka zingemaliza tatizo kwa njia nyingine, kwa kuwa mmweko wake ni mfupi mno kwa mwendo kuonekana, lakini kubadili taa kungelazimu kupima rangi upya, na hakukuwa na haja.

Sekunde 3 zikizidishwa kwa maelfu ya picha ni muda mwingi, na msimamizi alilitaja hilo. Ila kusubiri kunahitajika pale tu mota inapokuwa imezunguka. Wakapanga hati kwa ukubwa kabla ya kuanza, mota ikazunguka mara chache zaidi kuliko zamani.

Picha zilizokwisha kupigwa

Kutengeneza mashine ni sehemu ndogo. Baada yake hubaki swali la picha zote zilizopigwa ikiwa imepinda, na hilo ndilo lililotuchosha. Kupiga upya si jambo la kubonyeza tu. Ramani ya zamani ikifunguliwa, mikunjo yake huchoka. Picha ya gelatini ikishikwa, hubeba alama. Moja ya sababu za kunakili ni ili kitu kisifunguliwe tena.

Kurasa za A4 tukaziacha. Ukali wao ulitosha, na tofauti ya umbo tukaiandika kwenye maelezo ya kundi, tukitaja kipindi ambacho mashine ilikuwa na mwinamo.

Vipande vya ramani vilivyokuwa vikali havikupigwa upya. Mwinamo wa uso bapa unapotea kwa hesabu: ukijua pembe nne za kitu na vipimo vyake halisi, programu hurudisha umbo la mstatili, na kwa tofauti ya asilimia 0.4 kinachopotea kwenye pikseli ni kidogo. Faili ya awali ikahifadhiwa kama ilivyopigwa, na iliyonyooshwa ikawekwa kando yake kama nakala ya matumizi. Kilichokataliwa ni ramani zilizokwisha kuvutwa na programu ya kuunga. Hizo ziliungwa upya kutoka kwenye vipande.

Stempu zilichambuliwa moja moja. Pale ukungu ulipoangukia pambizo tupu, ziliachwa. Pale ulipofunika muhuri wa posta, meno ya ukingo au maandishi madogo ya mchapaji, zilipigwa upya. Picha za kwanza zilizotetemeka zilirudiwa zote. Mstari ambao haukunaswa na kihisi hauwezi kurudishwa na programu, na programu inayodai kuurudisha inabuni.

Kwa siku zijazo wamekubaliana mambo machache. Kioo kitawekwa kila mashine inapohamishwa au kufunguliwa, kamera ikiwa chini, katikati na juu. Kila asubuhi itapigwa picha ya kibao cha majaribio, na wataangalia pembe zake nne pamoja na katikati. Miongozo inayotambulika ya kazi hii, FADGI ya Marekani, Metamorfoze ya Uholanzi na kiwango cha ISO 19264-1, yote hutumia vibao vya aina hiyo kupima ukali, rangi, usawa wa mwanga na umbo. Hifadhi ilikuwa na kibao tayari, na kilikuwa kikitumika kwa rangi peke yake.

Baada ya marekebisho ramani zote ziliungana isipokuwa moja, kubwa, iliyobandikwa kwenye kitambaa. Tuliigeuza digrii 180, na safari hii kasoro ikahama pamoja nayo: karatasi yake ilikuwa imetanuka kweli upande mmoja, kama maopereta walivyokuwa wamesema tangu mwanzo kuhusu ramani zote. Vipande vyake vimehifadhiwa bila kunyooshwa, mshono ukiwa wazi, na maelezo yakisema kwamba pengo hilo ni la karatasi.